Glikolipidi za bakteria: ipi uichague kwa utafiti wako?

Ukiingia kwenye utafiti wa glikolipidi za bakteria, jina la kwanza utakalolisikia ni lipopolisakaridi, na wengi huishia hapo hapo. Huichagua kwa sababu ina sifa, imeandikiwa makala maelfu, na inauzwa kwenye kichupa ikiwa tayari. Naona hiyo ni njia mbovu ya kuchagua. Molekuli hizi zinatofautiana sana kwa umbo, kwa kazi zinazomfanyia bakteria, na zaidi ya yote kwa ugumu wa kuzipata zikiwa safi. Usafi ndio unaobeba kila kitu katika fani hii. Dai la kwamba glikolipidi fulani inaamsha kinga, inaziba utando au inaua seli haliwezi kuwa na nguvu kuliko sampuli iliyotumika. Haya nimemwandikia mwanafunzi wa uzamili, au mtafiti mchanga, ambaye bado hajajaza fomu ya mada.

Mpango wa msingi ni mmoja kwa zote: sukari imefungwa kwenye mafuta. Sukari inapenda maji, mafuta yanayakimbia, kwa hiyo molekuli hujipanga yenyewe ikiwa na kichwa nje na mikia ndani. Kinachobadilika ni sukari gani, ngapi, imefungwa kwa upande upi, na mikia ni mingapi na mirefu kiasi gani. Mabadiliko hayo machache yanatosha kutoa ukuta, sumu, sabuni, au ishara ya siri kwa seli za kinga.

Lipopolisakaridi

Bakteria wa Gram-hasi, kama Escherichia coli na Salmonella, wana tando mbili. Utando wa nje haufanani pande zake: ndani kuna fosfolipidi za kawaida, nje kumejaa lipopolisakaridi, ambayo kwa kifupi huitwa LPS. Seli moja ya E. coli huvaa takriban molekuli milioni 1 au zaidi. Shina lake ni lipidi A, yaani glukosamini mbili zilizoungana, kila moja na fosfati yake, na katika E. coli mikia sita yenye kaboni 12 hadi 14. Juu yake hukaa sukari iitwayo Kdo, kisha kiini cha sukari kadhaa, na mwisho mnyororo wa O, kipande kifupi cha sukari kinachojirudia mara nyingi. Herufi na namba katika jina la E. coli O157 zinatoka kwenye mnyororo huo.

Kwa bakteria, LPS ni ukuta. Fosfati za molekuli jirani zinasukumana, lakini ioni za magnesiamu na kalsiamu huingia kati na kuzifunga pamoja, na mikia hubanana chini yake. Dawa nyingi zinazopenda mafuta hugonga hapo na kurudi. Kolistini, antibiotiki ya akiba, hupenya kwa kunyang'anya nafasi za ioni hizo. Ndiyo maana taarifa za mwaka 2015 kutoka China kuhusu jeni ya mcr-1 zilishtua: jeni hiyo husafiri kwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA kinachohamishika) kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na kimeng'enya chake hubandika fosfoethanolamini kwenye lipidi A. Chaji hasi inapungua, na kolistini inakosa pa kushika.

Kwa mwili unaovamiwa, LPS ni kengele. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, akifanya kazi Berlin, alieleza kuwa bakteria wa kipindupindu waliouawa kwa joto bado waliua wanyama wa maabara, na sumu hiyo, ambayo leo tunaijua kuwa LPS, ikaitwa endotoksini. Kipokezi chake kilijulikana baada ya zaidi ya karne moja. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler lilionyesha kuwa panya wa ukoo wa C3H/HeJ, ambao hawaitikii LPS, wana kasoro kwenye jeni ya TLR4, ambayo ndiyo kipokezi hicho, na mwaka 2011 Beutler akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. TLR4 na mwenzake MD-2 ni kama wanahesabu mikia. Lipidi A ya mikia sita inaliza kengele kwa nguvu. Ya mikia minne, katika binadamu, hupita karibu kimya.

Yersinia pestis, bakteria wa tauni, anaijua hesabu hiyo. Kwenye joto la chini, kama la mwili wa kiroboto, hutengeneza lipidi A ya mikia sita. Akifika kwenye nyuzi 37 za damu yetu, hutengeneza ya mikia minne. Watafiti walipompa kimeng'enya cha kumfanya abaki na mikia sita hata kwenye nyuzi 37, alipoteza ukali wake kwa panya. Katika uwanja huu wote sijaona mfano unaoeleza vizuri kuliko huo jinsi umbo linavyoamua kazi, na ndio ninaoanza nao kila ninapofundisha.

Kuna manufaa pia. Ukiiondolea lipidi A ya Salmonella minnesota fosfati moja unapata MPL, ambayo sumu yake imeshuka sana lakini bado inaamsha kinga. Imo kwenye viongeza nguvu vya chanjo kadhaa, ikiwemo RTS,S ya malaria, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto Oktoba 2021.

Sasa upande mgumu. Mwaka huohuo wa 1998 zilichapishwa pia tafiti zilizosema kipokezi cha LPS ni TLR2, ndugu yake TLR4. Hazikuwa kazi za uzembe. LPS iliyonunuliwa ilikuwa na chembechembe za lipoprotini (protini zilizofungwa kwenye mafuta), na lipoprotini ndizo zinazoamsha TLR2. Iliposafishwa upya kwa fenoli, mwitikio wa TLR2 ukatoweka na wa TLR4 ukabaki. Kosa hilo lina pacha wake: LPS yenyewe huchafua vitu vya watu wengine. Inakaa kwenye maji, kwenye vyombo, kwenye protini zilizotengenezwa ndani ya E. coli. Mvuke wa otoklavu unaua bakteria lakini hauiharibu LPS yake. Vyombo vya kioo vinahitaji joto kavu, kwa kawaida nyuzi 250 kwa dakika 30. Anayeichagua LPS anapata zana bora kuliko wote, kuanzia kipimo cha endotoksini kinachotumia damu ya kaa wa kwato hadi panya wasio na TLR4, lakini pia anaingia kwenye uwanja uliojaa watu ambako swali jipya la ukubwa wa tasnifu ni gumu kulipata.

Asidi ya lipoteikoiki

Hii ni ya bakteria wa Gram-chanya, wasio na utando wa nje, na nitaipita haraka. Katika Staphylococcus aureus, nanga yake ni glukosi mbili juu ya diasilgliseroli (gliseroli yenye mikia miwili ya mafuta), na kwenye nanga hiyo unaning'inia mnyororo mrefu wa gliserofosfati, ambao baadhi ya vipande vyake hubeba alanini ya aina ya D. Bakteria huihitaji ili kukua na kugawanyika vizuri. Kwa miaka mingi iliitwa "LPS ya Gram-chanya", mpaka ilipobainika kuwa sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuamsha TLR2 ilitokana tena na lipoprotini. Bakteria waliokatwa jeni ya lgt, wasioweza kuzifunga lipoprotini kwenye mafuta, walitoa asidi ya lipoteikoiki iliyo dhaifu mno kama kengele. Kama swali lako ni la kinga, usianze na hii bila bakteria wa aina hiyo mkononi. Kama swali ni la ukuta na mgawanyiko wa seli, ni uwanja mzuri.

Mafuta ya bakteria wa kifua kikuu

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa kuliko mahali pengine popote. Mycobacterium tuberculosis amejivika utando wa nje wa aina yake, na lipidi yake maarufu ni trehalosi dimikolati, au TDM. Trehalosi ni glukosi mbili zilizounganishwa kaboni ya 1 kwa kaboni ya 1. Kwenye kila glukosi imefungwa asidi ya mikoliki, yenye kaboni takriban 60 hadi 90. Hebu linganisha na kaboni 12 hadi 14 za lipidi A: hiki si kichwa chenye mkia, ni mikia iliyoshikiliwa na kishikizo kidogo cha sukari. Molekuli kama hiyo haiyeyuki kwenye maji hata ukiibembeleza.

Bakteria hawa wenye ukali hukua wakiwa wamesokotana kama kamba. Mwaka 1950 Hubert Bloch alieleza lipidi aliyoitoa kwa etha ya petroli, iliyoacha bakteria wakiwa hai lakini bila zile kamba, na ukali wao ukiwa umepungua. Aliiita kiini cha kamba. Kipokezi chake kikuu upande wetu, Mincle, kilitambuliwa mwaka 2009. TDM inachangia kuita seli zinazojenga vifundo vya kifua kikuu mapafuni, na pia inamsaidia bakteria kuishi ndani ya makrofaji, seli ya kinga iliyommeza. Isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika 1952, inafanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa asidi za mikoliki, kwa hiyo bila kiungo hicho ukuta mzima unayumba.

TDM ina tabia ambayo mtu anayezoea kemia ya kwenye maji huipata kwa machungu. Kazi yake inategemea imepangwaje. Ikiwa kwenye vifundo vidogo ndani ya maji, haina madhara makubwa. Ikitandazwa juu ya matone ya mafuta, inageuka sumu kali kwa panya. Molekuli ni ileile, uzito ni uleule, na matokeo yanapingana. Maabara mbili zinaweza kutofautiana kwa miaka kwa sababu moja iliipaka TDM chini ya kisahani na nyingine iliitikisa kwenye maji. Ukiichagua, andika utaratibu wako wa kuitandaza kwa undani uleule unaoandika kipimo.

Jamaa zake wanastahili kutajwa. Lipoarabinomanani, LAM, ina nanga ya fosfatidilinositoli (aina ya fosfolipidi) yenye sukari ya manosi na matawi marefu ya sukari. Hutoka kwenye mkojo wa baadhi ya wagonjwa, na tangu 2015 kipimo chake cha mkojo kimependekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa makundi fulani ya wagonjwa wanaoishi na VVU. Salfolipidi-1 ilionyeshwa mwaka 2020 kuwasha neva za maumivu na kuwakohoza simbilisi. Bakteria anayesambaa kwa kikohozi ana mafuta yanayokohoza! Kwa upande wa ukoma, Mycobacterium leprae ana glikolipidi ya fenoli PGL-I yenye sukari tatu, ambayo hujishika kwenye laminini, protini inayozunguka seli za Schwann zinazofunika neva, na hivyo kuhusika na neva zinazoharibika. Lakini M. leprae haoti kwenye chakula chochote cha maabara, kwa hiyo PGL-I ya asili ni adimu na wengi hutumia sukari zilizotengenezwa kwa kemia.

Usalama usikuogopeshe mno. M. tuberculosis aliye hai anahitaji maabara ya usalama wa ngazi ya 3, lakini TDM na jamaa zake wa manosi wanapatikana pia kwa M. smegmatis, ambaye si hatari kwa mtu mwenye afya na anaota kwa siku chache badala ya wiki. Salfolipidi-1 hana.

Glikolipidi sahili za utando

Nakiri hizi ndizo ninazozipenda zaidi. Ni diasilgliseroli yenye sukari moja au mbili juu, basi. Hazina sifa ya sumu wala dawa, na kwa hiyo hazizungumzwi. Lakini kama unataka kuelewa kwa nini utando una glikolipidi kabisa, hapa ndipo swali liko wazi.

Mfano wake mzuri ni Acholeplasma laidlawii, bakteria asiye na ukuta, mwenye utando mmoja tu. Ana glikolipidi mbili kubwa: ya glukosi moja na ya glukosi mbili. Yenye glukosi moja ina kichwa kidogo, umbo lake ni kama koni, na ikizidi inataka kuukunja utando. Yenye glukosi mbili ina kichwa kipana na inapenda kutulia kwenye tabaka tambarare. Ukimlisha asidi za mafuta zilizopinda, ambazo zinapanua mikia, anapunguza ya kwanza na kuongeza ya pili. Ukimlisha mikia iliyonyooka, anageuza uwiano. Analinda mpindo wa utando wake kwa kuongeza au kuacha glukosi moja. Ukimkuza kwenye vyakula tofauti, ukitoa mafuta kwa klorofomu na methanoli na kuyatenganisha kwenye kromatografia ya tabaka jembamba, unaona doa moja likinenepa na jingine likikonda mbele ya macho yako.

Sianobakteria wana sura nyingine ya kisa hicho. Tando zao za usanisinuru zimejaa lipidi za galaktosi moja na mbili, kama zile za kloroplasti za mimea, pamoja na salfolipidi yenye sukari ya salfokwinovosi. Faida moja ni ya uchumi: lipidi hizi hazihitaji fosforasi. Kwenye maji ya bahari yenye fosfati kidogo, wanaodunduliza fosforasi kwa kutumia salfolipidi badala ya fosfolipidi wana nafasi nzuri zaidi. Anabaena naye, akinyimwa nitrojeni, hugeuza baadhi ya seli zake kuwa heterosisti, seli za kufunga nitrojeni, na kuzifunika kwa glikolipidi zenye mikia mirefu, ili oksijeni isiingie kuharibu nitrojenasi, kimeng'enya cha kazi hiyo.

Ramnolipidi

Pseudomonas aeruginosa hazitundiki ramnolipidi ukutani, anazitoa nje. Kichwa ni ramnosi moja au mbili, na mkia ni asidi mbili za haidroksi, mara nyingi zenye kaboni 10 kila moja. Kimeng'enya RhlA hutengeneza mkia, RhlB huweka ramnosi ya kwanza, RhlC ya pili. Zilielezwa mwaka 1949, na vimeng'enya vitatu tu vinaeleza njia yote, jambo ambalo LPS haiwezi hata kulikaribia.

Zinashusha mvutano wa uso wa maji kutoka takriban milinewtoni 72 kwa mita hadi chini ya 30 au karibu yake. Kwa bakteria maana yake ni kuteleza kwa kundi juu ya agari, kuacha njia za maji wazi katikati ya utando wa kundi ulioganda, na kupasua neutrofili, seli za kinga zinazokuja kuwakamata. Kwa viwanda maana yake ni sabuni inayooza kwa urahisi.

Kwa anayeanza, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Unaweza kuona uzalishaji kwa macho kwenye agari yenye CTAB (aina ya sabuni) na methilini ya buluu, ambako duara la buluu iliyokolea hutokea kuzunguka koloni. Unaitia asidi, unaitoa kwa ethili asetati, umemaliza hatua ya kwanza. Angalizo langu ni moja: rangi ya orsinoli inapima sukari yoyote, na sampuli chafu itakupa namba kubwa ya kufurahisha isiyo ya kweli. Thibitisha kwa spektrometria ya masi. Kama maabara yako haitaki P. aeruginosa kwa sababu anaambukiza wagonjwa, kuna Pseudomonas putida aliyepewa jeni za rhlA na rhlB.

Glikosfingolipidi, na jinsi ya kuamua

Sphingomonas ni Gram-hasi asiye na LPS. Nafasi yake imechukuliwa na glikosfingolipidi. Sukari yao imefungwa kwa upande wa alfa, wakati seramidi za sukari za mwili wetu zimefungwa kwa beta. Tofauti ya upande mmoja wa kifungo kimoja inatosha kwa seli za kinga za NKT kuzitambua zikiwa zimeshikwa na protini CD1d. Bacteroides fragilis wa utumbo naye anatengeneza galaktosilseramidi ya alfa. Ni uwanja mdogo wenye maswali mengi mazuri, lakini uchunguzi wake unadai mtu anayeweza kutofautisha alfa na beta kwa NMR, mbinu ya kusoma umbo la molekuli kwa sumaku. Kama huna mtu huyo karibu, uache.

Basi, ukiwa na miaka miwili, benchi la kawaida na kromatografia ya tabaka jembamba, ningekutuma kwenye ramnolipidi au kwenye glikolipidi sahili. Kati ya hizo mbili, chagua ramnolipidi kama unapenda jeni na uzalishaji, na glikolipidi sahili kama unapenda fizikia ya utando. Ukiwa kwenye kundi la kinga lenye panya au seli zilizokatwa TLR4 na TLR2, LPS inakufaa, mradi swali lako liwe juu ya umbo fulani la lipidi A na si juu ya LPS kwa ujumla. Ukiwa na kemia wa mafuta jirani na uvumilivu wa kweli, nenda TDM kupitia M. smegmatis, huko bado kuna mambo makubwa yasiyoeleweka, hasa jinsi mpangilio wa molekuli unavyobadilisha mwitikio. Asidi ya lipoteikoiki ningeichagua tu mikononi mwa watu walio nayo tayari. Kati ya LPS na TDM, watu huniuliza ipi ni "muhimu zaidi" kwa afya. Zote mbili ni muhimu, na swali hilo halikusaidii kuamua. Jiulize ni ipi kati yao utaweza kuionyesha ikiwa peke yake.

Kabla ya kumkabidhi msimamizi wako jina la mada, fanya jaribio hili la wiki mbili. Chukua glikolipidi unayoifikiria, itoe au inunue, iweke kwenye sahani ya kromatografia, ipime kwa spektrometria ya masi, kisha pima endotoksini ndani yake hata kama si LPS. Fanya hivyo mara tatu kutoka kwa makundi matatu tofauti ya bakteria au vichupa vitatu tofauti. Kama mistari mitatu inafanana, una mada. Kama kila mmoja una doa lake la ziada, mada yako ya kwanza ni hilo doa.